Fungu Lisilo na Mpokeaji

Ndiyo, na ng'ombe. Umesikia vizuri, usiniangalie hivyo. Ng'ombe mwenyewe, wa maziwa, jina lake Jumatatu kwa sababu alizaliwa Jumatatu na mimi siku hiyo sikuwa na akili ya kutafuta jina lingine. Wewe umeniuliza yule mama mshauri alimtibuje mkwe wangu, na mimi nakujibu: alimtibu kwa ng'ombe. Ng'ombe na sufuria. Sogeza hicho kigoda, hapo utakula moshi mtupu. Haya.

Mkwe wangu ni Subilaga, mke wa mwanangu Ambokile. Ambokile alikuwa mkamua mawingu. Ninyi wa mjini mnafungua bomba tu, hamjui maji yametoka wapi. Yametoka huku kwetu Rungwe, kule juu mlimani zilikosimama nyavu, kila wavu mpana kuliko uwanja wa mpira. Wingu likipita, wavu unatetemeka kwa umeme, wingu linaachia maji, maji yanashuka kwenye mabomba mpaka huko Singida kwa wenye kiu. Lakini wavu hausimami wenyewe. Lazima mtu apande akaze nyaya, na mvua ikiwa kubwa ndiyo apande zaidi. Mwaka ule udongo ukaachia. Ukaondoka na wavu, ukaondoka na Ambokile na wenzake wawili. Wale wenzake tuliwatoa wazima. Yeye tulimpata baadaye.

Basi. Tukazika. Watu wakakaa, wakaondoka. Halafu Subilaga koo likafunga.

Sikwambii kwa mafumbo. Lilifunga. Anatia tonge, anatafuna, halishuki. Uji haushuki. Maji ndiyo kidogo, kwa kijiko. Hospitali wakamwangalia kwa mashine zao zote, wakasema koo zima kabisa, hiyo ni huzuni. Mke wangu Bupe akawauliza, huzuni nayo inakaa kooni? Wakasema inakaa inapotaka.

Sasa huzuni siku hizi ina dawa yake, inaitwa kufutwa. Gari jeupe linakuja, halina dereva, unalala mle ndani, unaamka hakuna kinachokuuma. Linafanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini halichagui. Ukifutiwa mume, anatoka na kila kilichomshika. Jirani yetu pale chini kwenye chai alifutiwa mume, na sasa anamwamkia mwanawe wa kumzaa kama anavyomwamkia mgeni. Kwa heshima kabisa. Anamkaribisha kiti. Na Subilaga alikuwa na Ikupa, mdogo bado, sura yote ya baba yake, kuanzia pua mpaka kidevu. Wangemfuta Ambokile wasimfute Ikupa? Haiwezekani.

Bodi ya Afya wakasema, mshauri aje kwanza. Akishindwa, gari.

* * *

Alikuja mwanamke mfupi, Asumini Chitanda, mtu wa Newala. Amevaa sweta mbili na khanga kichwani, meno yanagongana kwa baridi yetu hii, na beseni kalibeba mwenyewe kichwani kutoka barabarani.

"Ugonile, tata," akaniamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Nani kakufundisha?"

"Kijana wa bodaboda. Kanifundisha na matusi mawili, hayo nimeyaacha kule kule."

Nikampenda hapo hapo. Lakini kazi hakuanza. Nilitegemea atafungua beseni lake, abonyeze vitu. Wapi! Akakaa na Bupe jikoni kumenya ndizi, anauliza huyu anakula wapi, yule analala wapi, nani alikuwa anamtania marehemu, nani hakuwa anapatana naye. Bupe akaniambia usiku, "Mume wangu, huyu kaja kutibu au kaja kuposa?"

Akamuuliza hivyo hivyo Subilaga, pole pole, bila kumwambia pole nyingi. Watu walishampa pole mpaka zimemchosha. Akamwambia, "Dada, sikuja kukulisha. Usipotaka kula leo sitaona vibaya. Nimekuja kujua nyumba." Yule dada yake Subilaga anayekunywa pombe, ambaye hata msibani tulimweka mbali asituaibishe, Asumini akatuma mtu akamwite. Akasema yule naye ana shemeji aliyekufa.

Sasa beseni. Mimi niliishia darasa la nne, nitakueleza nilivyoelewa. Mle ndani kuna maji mazito kama uji wa ulezi, ya uvuguvugu. Mwenye mzigo anatia mikono, na wenzake wanatia. Kwenye kichwa cha mtu kuna kaumeme, ndivyo Asumini alivyosema, na huzuni ni kaumeme kanakozunguka mahali pamoja hakatoki. Beseni linakasoma, linakatakata mafungu, kila fungu linamwendea mtu linayemfaa. Halifuti kitu. Yule anapungukiwa, ninyi mnaongezewa. Bupe alipotoa mikono mara ya kwanza alisema, "Nimebeba ndoo ambayo sikuiteka."

Na ujue, fungu haliji tupu. Linakuja na kitu chake. Harufu, au maneno, au mlango unafungwa. Ndiyo maana sheria inasema mwenye mzigo akubali mwenyewe.

Asumini akatuuliza, "Watu wa ndani wa Ambokile ni nani? Nataka wote."

Tukawataja. Mama yake, mkewe, shemeji, rafiki zake wawili wa kwenye nyavu. Mimi sikutajwa. Na siyo kwamba walinisahau, mimi mwenyewe nilisema, "Mimi simo."

Maana kwetu sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkwe hawaonani. Hakuangalii, humwangalii, hamsemeshani. Mkikutana njiani yeye anaingia kwenye migomba. Hiyo ndiyo heshima. Wengi wameacha siku hizi, wanasema ni mambo ya zamani. Nyumbani kwetu iliendelea, na Subilaga mwenyewe, aliyesomea umeme chuo, ndiye aliyeng'ang'ania. Alimwambia Bupe inampa mahali pa kupumulia. Basi ningekaaje naye kwenye beseni moja, mikono inagusana? Hata kulifikiria niliona haya.

Kwa hiyo kila walipokaa kikao mle ndani, mimi nilikuwa zizini, nyuma ya ukuta wa jiko, na Jumatatu.

* * *

Haikufanya kazi. Yaani ilifanya kidogo. Mafungu madogo yaliondoka, Subilaga akaweza kulala. Koo, hapana. Kila kikao kikifika mwisho, taa ya manjano inawaka kwenye beseni, Asumini anakunja uso.

Nilimsikia akimwambia Bupe, "Mama, kuna fungu kubwa linazunguka. Halina mpokeaji. Likikosa mtu linamrudia mwenyewe, na likirudi linarudi zito."

"Labda ni la marehemu," Bupe akasema.

"Marehemu hapokei, mama. Ni la mtu aliye hai."

Subilaga akawa mwepesi, ndivyo nilivyoambiwa, mimi si wa kumwangalia. Lakini masikio ya kusikia ninayo. Zamani nyayo zake nilikuwa nazijua, anatembea kama anawahi kitu. Sasa zilikuwa hazisikiki.

Asubuhi moja gari jeupe likaja. Likasimama pale kwenye mgomba, linanguruma taratibu kama paka. Akashuka kijana wa Bodi, Bwana Mwasaga, mpole, viatu vyake vizuri vimejaa tope letu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

Akaanza kufuta kiatu kwenye majani. Asumini akatoka nje, mikono kwenye makwapa kwa baridi.

"Dada Asumini," Mwasaga akasema, "mimi sitaki kumchukua huyu mama. Una njia nyingine na unaijua. Beseni lina ufunguo wa lazima. Mgonjwa akiwa kwenye hatari ya kufa unaruhusiwa. Mpe ya usingizi, mtie mikono, fungua fungu lote, ligawane humu ndani, tumalize. Kesho anakula."

"Najua."

"Sasa?"

"Amenikatalia. Ameniambia kuna jambo kwenye lile fungu hataki litoke. Kaniambia mimi kwa siri. Nikilitoa amelala, koo litafunguka, sawa. Akiamka atajua nimefanya nini. Halafu akiumia tena, atamwambia nani?"

"Atakuwa hai wa kumwambia mtu."

Hapo nikaingilia. Sikufichi. Nilimwambia, "Mwanangu, kijana anasema kweli. Fungua tu. Atakasirika, atanuna mwaka mzima, lakini atakuwa ananuna huku anapumua."

Asumini akaniangalia, macho yamejaa. "Baba, unafikiri sitaki? Usiku nimekaa na ule ufunguo mkononi. Lakini aliyeumia ni yeye, na kilichobaki mikononi mwake ni hicho tu, kusema hapana. Nikimnyang'anya na hicho, nimemfuta kwa njia nyingine."

Nikamchukia. Kweli kabisa, kwa muda ule nilimchukia, na sweta zake mbili. Nikageuka kwenda zizini kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na mtu akiwa na hasira, na ng'ombe anahitaji kukamuliwa, anakamua.

Nikasema, kama ninavyosema siku zote, "Jumatatu, gari limekuja. Mwenye kusikia asiogope, halijazimwa wala halijafunguliwa mlango. Na maharage yale ya Mama yako yanaungua."

Ndani jikoni mtu akajikokota. Kifuniko cha sufuria kikalia. Moto ukapunguzwa.

Asumini alikuwa kanifuata. Akasimama mlangoni mwa zizi. "Baba. Unaongea na nani?"

"Na ng'ombe."

"Na aliyepunguza moto ni nani?"

Ikabidi nimweleze. Mkwe humsemeshi, lakini ng'ombe unaruhusiwa kumsemesha. Nikitaka Subilaga ajue jambo, namwambia Jumatatu karibu na ukuta. Na yeye akitaka nijue, anaiambia sufuria. "Sufuria, chumvi imeisha." Mimi nanunua chumvi. Tangu aolewe tunaongea hivyo. Tumeshagombana hivyo. Siku Ikupa anazaliwa, nilimpongeza ng'ombe mpaka majirani wakasimama.

"Na tangu msiba?"

"Mimi nasema. Sufuria haijibu."

Asumini alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe. Kisha akaacha kucheka, akajipiga paji la uso. "Nimeuliza nyumba nzima nani anakula wapi," akasema, "nikakusahau wewe kwa sababu ulisema 'simo'. Baba, lile fungu ni lako."

* * *

Sikuelewa haraka. Akanieleza. Aliyemlilia Ambokile kama Subilaga alivyomlilia, kwa uzito ule ule, alikuwa mimi. Fungu lilikuwa linapiga ukuta na kurudi, linapiga na kurudi.

"Lina nini ndani?" nikauliza.

"Sikwambii."

"Ni baya?"

"Baba, sikwambii hata kama ni baya. Mimi nakuuliza moja tu. Ungeweza kulipokea bila kujua lina nini?"

Nikafikiria, na nilifikiria vibaya kwanza. Nikawaza labda kulikuwa na mwanamume mwingine. Nikawaza labda Ikupa siye wetu. Mtu akiwa na giza anaona nyoka kila kamba. Kisha Ikupa mwenyewe akapita uani, anaburuta ufagio, na ile pua. Nikasema moyoni, hata pua hiyo ingekuwa ya mtu mwingine, kitoto hiki hakitakaribishwa kiti na mama yake kama mgeni.

"Naweza," nikasema.

"Mimi siwezi kumwambia. Akisikia kwangu ataona nimemgeuka. Unajua wa kumwambia."

Nikamshika Jumatatu pembe.

"Jumatatu. Wanasema kuna mzigo humo ndani unanitafuta mimi. Mimi sijauliza una nini. Wewe unanijua, nina mgongo mbovu lakini nabeba. Mwenye nao akitaka aulete. Akikataa, akatae, mimi nitabaki hapa hapa ukutani, na hata gari likija kumchukua nitabaki hapa, akirudi hanijui nitamwamkia ng'ombe kila asubuhi hivyo hivyo. Lakini ningependa aulete."

Mwasaga akanong'ona, "Samahani, hapa nani anaongea na nani?"

"Nyamaza, Bwana Mwasaga," Asumini akasema. "Kikao kimeanza."

Jumatatu akaendelea kucheua. Halafu ile sauti. Nilikuwa sijaisikia tangu tumezika, ilikuwa imekauka kama maganda ya mahindi.

"Sufuria. Mwambie huyo anayesema na ng'ombe kwamba mzigo ni mchafu."

"Jumatatu, mwambie sufuria mimi nazoa mavi yako kila siku."

Nikasikia kitu. Sijui kama ni kicheko au kikohozi. Bupe alisema baadaye ilikuwa vyote.

Kwenye ule ukuta kuna tundu la kutolea maji ya zizi. Asumini akapitisha mpira mwembamba kutoka kwenye beseni, akaujaza ule uji wake, na mwisho wa mpira upande wangu hatukuwa na chombo kingine, tukaweka ndoo ya kukamulia. Nikakaa kwenye kigoda changu cha kukamua, nikatia mikono. Upande wa pili, mwenyewe kwa hiari yake, Subilaga akatia yake. Hatuonani. Ukuta katikati. Asumini akasimama pale anapotuona wote, akaniuliza mara mbili kama nakubali, akamuuliza na yeye mara mbili, halafu akafungua.

Nitakuambiaje? Ilikuja kama unashushiwa gunia la mbolea mtu hajakuambia kamata. Mabega yote. Nikasikia tangawizi puani, uji wa tangawizi asubuhi. Nikasikia mvua kwenye bati. Nikasikia sauti ya mwanangu, jamani, sauti yake ya uvivu, inasema leo siendi, leo mwili umechoka. Na sauti ya mkewe inacheka, "Amka wewe, mvivu mkubwa, mawingu yatakungoja?" Anamsukuma kwa miguu yote miwili kutoka kitandani. Na mlango.

Mlango ndio uliokuwa mzito. Fungu lote lilikuwa mlango ule unafungwa.

Kumbe ndiyo hiyo. Yeye ndiye aliyemtoa. Angemwacha alale, angekuwa hai. Hiyo ndiyo aliyokuwa ameikaba kooni asiniambie mimi baba wa mumewe.

Nilijua ukutani huko ananingoja. Anangoja nitoe mikono, niondoke. Jumatatu akakojoa, ng'ombe hana adabu. Nikasema:

"Jumatatu. Ambokile nilimsukuma mimi kwenda shule, analia njia nzima, ameshika mgomba, nikambandua. Akarudi. Nilimsukuma kwenda kubatizwa. Nilimsukuma apande mlima mara ya kwanza, anaogopa juu, wenzake wanamcheka. Akarudi. Huyo tangu azaliwe hakwenda popote bila kusukumwa, hata tumboni alichelewa, muulize mama yake. Siku ile zamu ya kusukuma ilikuwa ya mkewe. Angekuwa bado analala kwangu, ningemsukuma mimi. Kwa fimbo. Basi huo mlango ni wetu wote wawili. Nimeushika upande huu. Mwambie asiushike peke yake."

Bupe akaanza kulia kule ndani, na kulia kwake kulikuwa na kucheka, maana ni kweli, tumboni alichelewa.

Taa ya manjano ikazimika. Asumini akaiangalia, akaigonga kwa kidole, akaiangalia tena. Mwasaga akavua kofia sijui kwa nini.

Haukuisha, usidhani. Mpaka leo ninao, mvua ikipiga bati nausikia mlango. Nisingependa kuurudisha. Lakini mabega yangu yalijua sasa kinachoyaelemea, na upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu, ndefu, akaishusha, kama mtu ametua kuni.

Kifuniko kikalia.

"Sufuria," akasema. "Mwambie yeyote anayesikia. Nina njaa."

Mwanangu, hujaona watu wakikimbia hivyo! Bupe akaangusha mwiko. Yule dada mlevi akaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Ndizi zilikuwa zimeiva, maharage yamegusa chini kidogo, Bupe akataka kuyamwaga apike mengine, kila mtu akampigia kelele aache. Asumini akasema aanze na kidogo, kijiko kwa kijiko, koo limesahau kazi. Mwasaga akaenda kulizima gari, nikamwambia asirudi huko, atafute pa kukaa, akasema yuko kazini, nikamwambia na sisi tuko kazini.

Wanawake na Subilaga wakakaa ndani. Mimi na Mwasaga tukakaa zizini kwenye majani, sahani kwenye magoti, mgongo wangu kwenye ukuta ule ule. Asumini hakujua akae upande gani, akakaa kizingitini, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, anakula haraka kwa sababu ya baridi. Ikupa alikuwa anapita juu ya miguu yake anakuja kwangu, anarudi kwa mama yake, na kila upande anachukua tonge.

Nilikuwa sijaanza kula. Nilikuwa nasikiliza. Kijiko kikagusa sahani, kikakaa. Kikagusa tena. Kikakaa. Halafu nikamsikia Subilaga, siyo kwa sufuria, kwa mama mkwe wake kabisa:

"Mama, niongezee maharage. Haya yaliyoungua."

Nikanawa mikono, nikala.